Kutajwa

Kesi ya Tusekile ilitajwa mwezi wa tatu,
ikatajwa wa nne, wa sita ikatajwa tena.
Kutajwa, karani alinieleza, si kusikilizwa.
Mnaitwa, mnasimama,
mnapewa tarehe, mnarudi nyumbani.
Mara saba tumetoka Katumba kwenda Tukuyu
kwa miguu, ili nauli ibaki kuwa chumvi.

Mvua ya Rungwe haiulizi tarehe.
Ile PF3 tuliifunga kwenye mfuko wa sukari,
mfuko ndani ya mfuko,
nikaiweka kifuani, chini ya sweta,
maana mkono wake mmoja ulikuwa kwenye hogo
na wa pili ulikuwa na mtoto.

Narudia, kwa kuwa mnapenda kuuliza:
uliovunjika ni wa kulia,
wa kuchumia chai.
Fedha za majani za mwezi mzima
alikataa kuzitoa.
Mpini wa jembe. Usiku. Mvua juu ya bati,
nami upande wa pili wa ukuta
nahesabu.
Ningependa kusema niliinuka kwenye la kwanza.
Nilikuwa macho.
Niliinuka kwenye la sita.

Baba zake wadogo walikuja na ndama jike,
wakamfunga kwenye mgomba, wakaketi.
"Shemeji, yaishie hapa.
Mtoto akinyea kiganja hakikatwi."
Kweli, nikasema, hakikatwi.
Lakini kinaoshwa.
Ndama akala majani ya mgomba wangu
hadi walipokata tamaa, wakaondoka naye.

Marehemu baba yake naye alikuwa na mpini.
Bega langu la kushoto lilijiunga lenyewe,
vibaya,
mwaka ambao hakuna aliyenipa fomu.
Kukiwa na baridi linanikumbusha,
na huku kwetu baridi ipo siku zote.

Nyumbani hatukumtaja.
Tulisema "yule". Tulisema "mwenye nyumba".
Kanisani waliomba "kwa ajili ya ile familia",
macho wameyafumba,
na kila mmoja anajua ni ipi.

Mwezi wa tano nilimpelekea blanketi mahabusu.
Andikeni na hilo.
Nilimzaa wakati wa masika, akiwa mdogo kuliko mkungu,
watu wakasema hataishi.
Nilimbeba mgongoni hadi akapata shingo.
Askari alikung'uta blanketi kutafuta kisu,
hakukuta kitu, akaniangalia
kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
Tusekile alinisubiri nje, getini.
Hakuniuliza. Alinisogezea mwavuli.

Tarehe ya nane, ikasikilizwa.
Nilidhani nitatetemeka; nilisikia njaa tu.
Shahidi wa pili.
Nikashika Biblia, nikaapa.
Mwendesha mashtaka, binti mdogo mwenye mafua,
akasema: "Taja jina lako."

"Mama Ambakisye."

Chumba kikatulia.
Kule kizimbani akainua uso,
kama zamani nilipomwita aje kula.

"Jina lako wewe, mama."

Nikalitafuta.
Miaka thelathini na mmoja sijalitumia,
sokoni, kanisani, kwenye chama cha wakulima,
hata baba yake, akiwa na hasira, hakulitumia.
Nililikuta chini kabisa, kama ufunguo
chini ya kikapu, umenata makombo.

"Ndimbumi," nikasema.
"Ndimbumi binti Mwakalobo.
Na niliyemwona usiku ule akishika mpini
ni Ambakisye, mwanangu."

Karani akaandika. Akakosea herufi moja.
Nikamwonyesha kwa kidole.
Nikasubiri afute, aandike upya,
ndipo nikaendelea.